Maswali ya Wasomaji: Toa Kufuli la Ufunguo Kabla Halijagoma

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Nina Mercedes-Benz 240D ya mwaka 1982 niliyorithi kwa marehemu baba. Injini haina tatizo lolote, lakini tangu kiangazi kilichopita ufunguo wa kuwashia umekuwa mgumu kuzunguka. Asubuhi nyingine nahangaika nao muda mrefu kabla haujakubali, na siku nyingine hukubali mara moja kana kwamba hakuna shida. Fundi wa hapa mtaani ananishauri tulivunje kufuli lote, tuunganishe nyaya na kuweka kitufe cha kuwashia, kazi ambayo anasema haizidi saa moja. Fundi mwingine anasema silinda ya ufunguo inaweza kutolewa na kubadilishwa bila kuvunja kitu. Nimsikilize nani? – Msomaji wa Jinja

JIBU: Msikilize huyo wa pili, ndugu yangu, tena umwite wiki hii, kwa sababu kila siku unayoahirisha inakusogeza karibu na asubuhi ambayo ufunguo hautazunguka kabisa. Mercedes-Benz za familia ya W123, ambamo 240D yako imo, zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1975 hadi 1986 na kufikia takriban magari milioni 2.7, ni magari ambayo karibu kila kitu chake kinaweza kutengenezwa chini ya mwembe. Kufuli lake la usukani, ambalo ndilo hilohilo la ufunguo wa kuwashia, hata hivyo, lina sharti moja lisilo na msamaha: silinda ya ufunguo haitoki, wala kasha zima la kufuli halitoki, mpaka ufunguo uwe umezungushwa hadi nafasi ya 1. Ufunguo ukigoma kwenye 0, njia zote mbili za kistaarabu zinafungwa kwa pamoja, na kazi iliyokuwa ya dakika chache inageuka kuwa ya kukata chuma kigumu ndani ya dashibodi.

Sababu yake ni ya usalama, na ni vizuri uielewe kabla ya kushika bisibisi. Kufuli hilo lina nafasi nne. Kwenye 0 ufunguo huingia na kutoka, na ukishautoa, komeo la chuma huchomoza na kuingia kwenye mhimili wa usukani ili gari lisiweze kuongozwa. Kwenye 1 komeo hurudi ndani na usukani huwa huru. Kwenye 2 umeme hufika kwenye gari lote na plagi za kupasha joto za dizeli huanza kazi, na 3 ni ya starta. Waliolibuni walihakikisha kwamba mtu asiye na ufunguo unaozunguka hawezi kulitoa kufuli kwa bisibisi na kuondoka na gari. Ulinzi uleule uliokusudiwa kumzuia mwizi humzuia na mwenye gari aliyechelewa.

Ndani ya silinda kuna vibao vidogo vyembamba vinavyosukumwa na springi ndogo, na meno ya ufunguo huvipanga vyote kwenye mstari mmoja ili silinda iweze kuzunguka. Baada ya miaka arobaini meno yamelika, vibao vimelika, na vumbi jekundu la barabara zetu za murram limeingia na kuganda humo pamoja na kila mafuta yaliyowahi kumiminwa kwa nia njema. Ndiyo maana siku moja ufunguo unakubali na siku nyingine unakataa: vibao vinaangukia karibu na mstari, lakini si juu yake. Tazama pia mkungu wa funguo unaoning'inia hapo unapoendesha. Kama umebeba funguo za nyumba, za duka na za geti, uzito huo umekuwa ukitikisika ndani ya silinda kwa kila shimo la barabara, na unachangia sana kuilegeza.

Anza na ufunguo wenyewe. Ikiwa unaotumia ulichongwa kwa kunakili mwingine uliokwisha kulika, basi umenakiliwa pamoja na ulemavu wake, na hata silinda nzima haiwezi kuusoma vizuri. Ufunguo sahihi huagizwa kwa wakala rasmi wa Mercedes-Benz kwa kutumia namba ya chasisi, ambayo kwa 240D yako itakuwa na tarakimu 123.123 ndani yake, na wakala atataka kuona logibuku na kitambulisho chako kabla ya kuagiza. Usiuone huo kuwa usumbufu. Wakati unasubiri, puliza unga kidogo wa grafaiti, ile nyeusi inayotumika kwenye penseli, ndani ya tundu la ufunguo, kisha ingiza na kutoa ufunguo mara kadhaa. Usimimine oili ya injini wala grisi, kwa sababu zitalainisha kwa siku chache kisha zitashika vumbi na kuwa tope.

Hata hivyo grafaiti ni ya kukuvusha tu mpaka ubadilishe silinda, na kosa la wengi ni kuona ufunguo umelainika na kuahirisha kazi. Kwa wakala uleule unaweza kuagiza silinda mpya iliyopangwa kwa namba ya gari lako, ili ufunguo mmoja uendelee kufungua milango, buti na kuwasha gari kama ilivyokuwa gari lilipotoka kiwandani. Ni ghali kuliko ya mtumba, na mimi naona inastahili bei yake.

Kazi yenyewe ni hii. Tenganisha waya wa hasi wa betri. Ingiza ufunguo na uuzungushe hadi 1, ukiyumbisha usukani taratibu kushoto na kulia ikiwa unakataa, kwa kuwa mara nyingi kinachobana si silinda bali komeo linalolaliwa na uzito wa magurudumu. Ufunguo ukishafika kwenye 1, usiuguse tena bila sababu. Ukiangalia kwa tochi pete nyeusi inayozunguka tundu la ufunguo, utaona kijitundu chembamba kando ya silinda. Chukua waya mgumu wa chuma wenye unene wa takriban milimita 2, uchonge ncha yake kwa tupa iwe ya mshazari, uingize humo mpaka uhisi umekandamiza kishikizo cha ndani, kisha ukiwa bado umeukandamiza, zungusha pete kinyume cha mwendo wa saa. Pete hutoka kwa kufunguka kama kifuniko cha chupa, na silinda huvutwa nje pamoja na ufunguo wake. Waya mwororo wa kufungia utapinda na kukuchosha bure, kwa hiyo tafuta chuma cha springi au spoku ya baiskeli iliyosuguliwa hadi unene unaotakiwa.

Silinda mpya huingia kwa mpangilio huohuo, nayo pia ikiwa na ufunguo wake kwenye nafasi ya 1. Kabla ya kukaza pete mpaka mwisho, rudisha ufunguo kwenye 0, utoe, zungusha usukani mpaka ujifunge, kisha uingize tena na kuufungua. Rudia jambo hilo mara kadhaa huku mlango ukiwa wazi na zana zikiwa bado mkononi. Ikiwa silinda mpya nayo inabana, basi hitilafu iko kwenye kasha na komeo lake, na hapo itabidi utoe kufuli zima.

Kulitoa kufuli zima kunahitaji fundi mwenye subira. Paneli ya chini ya dashibodi hutolewa, na kisha saa za dashibodi, yaani kundi la mita zilizo mbele ya dereva, huvutwa nje kuelekea kwa dereva. Hapo ndipo wengi huharibu. Nyuma ya saa hizo kuna kebo ya spidomita na kuna bomba jembamba la plastiki linaloleta oili yenyewe kutoka kwenye injini hadi kwenye geji ya presha. Si waya wa umeme, ni oili halisi, na bomba hilo likivutwa kwa nguvu baada ya miaka yote hii hukatika na kumwagia zulia lako. Lifungue kwa spana, usilivute. Ukishapata nafasi, chomoa plagi ya umeme iliyo nyuma ya kufuli, legeza boliti ya klampu inayolishika kasha kwenye bomba la mhimili wa usukani, kandamiza pini yenye springi inayolizuia, na kufuli lote litavutwa nje. Pini hiyo nayo haikubali kuzama isipokuwa ufunguo uko kwenye 1.

Kwa kuwa gari lako ni la dizeli, kuna jambo jingine ambalo fundi aliyezoea magari ya petroli anaweza kulisahau. Injini ya petroli huzimika umeme wa plagi ukikatwa, lakini 240D haina cha kukata kwa namna hiyo. Inazimwa kwa nguvu ya uvutaji wa hewa: pampu ya vakyumu iliyo kwenye injini huvuta hewa kupitia mipira myembamba inayofika nyuma ya kufuli la ufunguo, na unaporudisha ufunguo kwenye 0, vali ndogo iliyomo humo huelekeza uvutaji huo kwenye pampu ya dizeli na kuifunga. Mipira hiyo ina rangi na mistari ya kuitofautisha. Ipige picha au uifunge vikaratasi kabla hujaichomoa, kwa sababu ukiibadilisha, au mmoja ukabaki umelegea, utatoa ufunguo, utafunga mlango, na injini itaendelea kunguruma. Ikitokea hivyo, fungua boneti na ukandamize mkono mdogo ulioandikwa STOP juu ya injini, halafu urudi kuitafuta hewa inapovujia.

Kwa hayo utaona kwa nini ushauri wa kitufe haufai, na ninausema vibaya kwa makusudi, kwa sababu nimeona magari mazuri yakiharibiwa hivyo kwa jina la kuokoa pesa. Kitufe kitaamsha starta, lakini hakiwezi kuizima dizeli, kwa hiyo fundi atalazimika kukufungia kamba au waya wa kuvuta pampu kutoka ndani. Kitufe pia hakiondoi komeo la usukani. Ili kuliondoa, fundi wa haraka huushika usukani na kuupindua kwa nguvu mpaka komeo livunjike, na vipande vyake hubaki ndani ya mhimili au komeo hubaki limekaa nusu, likiwa na uwezo wa kuingia tena kwenye tundu lake gari likiwa mwendoni. Fikiria usukani ukijifunga kwenye kona za barabara ya Kabale kuelekea Kisoro. Zaidi ya hayo, nyaya zilizounganishwa kwa kusokotwa na kufungwa utepe, bila fyuzi, zikipitisha umeme mkubwa nyuma ya dashibodi ya miaka arobaini, ni mwaliko wa moto.

Ikiwa utaamua kununua cha mtumba katika soko la Kisekka, Kampala, chukua kufuli zima likiwa na ufunguo wake, na ulijaribu hapohapo mkononi: zungusha nafasi zote nne na utazame komeo likitoka na kurudi bila kukwama. Usinunue lisilo na ufunguo hata ukiapiwa kwamba kuna mtu wa kulichongea. Dai risiti, kwa kuwa kufuli na ufunguo ni vitu ambavyo polisi wana haki ya kukuuliza umevipata wapi.

Na ikiwa barua hii itakufikia ufunguo ukiwa umeshagoma? Usiutumie koleo, maana utakatikia ndani. Yumbisha usukani, gonga kichwa cha ufunguo kwa mpini wa bisibisi kwa vipigo vyepesi vingi huku ukiuzungusha kwa vidole tu, na uvumilie. Ukikubali hata mara moja, uuache hapo kwenye 1 na ubadilishe silinda siku hiyohiyo bila kuurudisha kwenye 0. Usipokubali, mwite fundi makufuli mwenye sifa, umwonyeshe hati za gari, na uwe tayari kulipia kasha jipya pamoja na silinda.

Neno moja zaidi kwa wengine wenye gari hili: kama ufunguo unazunguka vizuri kabisa lakini taa za dashibodi zinakatikakatika au starta haiitikii, msiiguse silinda. Tatizo hapo ni swichi ya umeme iliyo nyuma ya kufuli, ambayo hushikwa kwa skrubu tatu na hubadilishwa peke yake.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu na ninatunza Land Rover Series III ya petroli ya mwaka 1976. Ufunguo ulikatikia ndani ya kufuli lililo kwenye mhimili wa usukani. Fundi amefungua kava ya plastiki na kukuta boliti zinazoshika kufuli hazina vichwa, ziko laini kama vifungo. Anasema lazima akate mhimili wote. Je, ni kweli? – Mwalimu, Arua

JIBU: La hasha, Mwalimu. Mzuie asikate chochote. Boliti hizo hazikuharibika, zilitengenezwa hivyo kwa makusudi. Zilipofungwa zilikuwa na vichwa, na zilipokazwa hadi kipimo chake, vichwa vilikatika vyenyewe ili mtu asiweze kuzifungua kwa spana. Land Rover za Series II na IIA zilikuwa na swichi ya ufunguo kwenye dashibodi bila kufunga usukani, ndiyo maana fundi aliyezizoea hushangaa akiiona Series III, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1971.

Tenganisha betri kwanza. Kisha fundi apige alama kwa senta panchi, kile chuma chenye ncha kali cha kutia alama, karibu na ukingo wa boliti, aweke tindo ndogo yenye makali kwenye alama hiyo kwa mshazari, na agonge kwa nyundo nyepesi kuelekea kinyume cha mwendo wa saa. Mara nyingi boliti huanza kusogea baada ya vipigo vichache, kwa sababu haina kichwa cha kuibana, na ikishatokeza humaliziwa kwa koleo. Ikikataa, atoboe katikati yake kwa drili, polepole, na kuitoa kwa kichomoleo cha boliti zilizovunjika. Drili yenye ncha inayokata kinyume ni bora zaidi ikipatikana, kwani mara nyingine huizungusha boliti na kuitoa kabla tundu halijaisha. Boliti zikitoka, klampu inaachana na kufuli linanyanyuliwa pamoja na komeo lake, hata kama usukani ulikuwa umefungwa, na mhimili unabaki mzima.

Kuhusu nyaya, gari la Uingereza la wakati huo hufuata rangi zilizozoeleka: kahawia ni ya umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri, nyeupe ni ya umeme unaokuja ufunguo ukifunguliwa, na nyeupe yenye mstari mwekundu ni ya starta. Nasema hivyo nikijua kwamba gari lililopita katika mikono mingi linaweza kuwa na rangi zozote, kwa hiyo kila waya upimwe kwa taa ya majaribio na kuandikwa kabla haujachomolewa.

Unapofunga kufuli jipya, kaza boliti mpya kwa kiasi tu, bila kukata vichwa, na ujaribu kwa siku kadhaa kama usukani unajifunga na kufunguka bila kusita. Ukisharidhika, ndipo zikazwe mpaka vichwa vikatike. Wapo wanaoweka boliti za kawaida ili kurahisisha kazi ya mbele. Kwa gari linalolala nje ya ua, nisingefanya hivyo.

SWALI: Nimenunua Morris Minor ambayo haina ufunguo kabisa. Swichi iko kwenye dashibodi. Nitahitaji kuivunja? – Msomaji wa Fort Portal

JIBU: Huna haja, dada. Morris Minor, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, ikiwa na swichi kwenye dashibodi kama yako haifungi usukani, na swichi yake ya Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme wa magari, ni rahisi kuliko zote tulizozungumzia. Kabla ya kuita fundi yeyote, futa uso wa silinda kwa kitambaa chenye mafuta ya taa na uutazame kwa lenzi. Huenda ukaona herufi kama FS au FA zikifuatwa na tarakimu tatu. Hiyo ndiyo namba ya ufunguo, na wauzaji wa vipuri vya magari ya kale Uingereza bado wanatengeneza funguo kwa namba hizo, kwa bei ndogo, na zinaweza kutumwa kwa posta.

Ukishaupata ufunguo na ukaona silinda imechakaa, tenganisha betri, fungua pete ya mbele, vuta swichi kutoka nyuma ya dashibodi, weka ufunguo kwenye nafasi ya kuwasha, na ukandamize kwa waya mwembamba pini iliyo ndani ya kijitundu kilicho ubavuni mwa swichi. Silinda itateleza nje. Nyingine yenye namba uliyoichagua itaingia mahali pake, na swichi ya umeme uliyonayo utaendelea kuitumia.